Kikombe Bila Jina: Vyuo Vidogo na Kumbukumbu za Riadha

Nje ya ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya sekondari niliyosoma hapa Kigali, kuna kabati la kioo lenye vikombe saba. Shule yenyewe sitaitaja, kwa sababu ninachokieleza kingeweza kutokea katika shule nyingi, na walimu wangu sina ugomvi nao. Kikombe cha tatu kutoka kushoto kimechorwa mwaka 2014, na chini ya mwaka umeandikwa umbali wa mbio: mita 1,500, wasichana. Aliyekishinda ni dada yangu. Jina lake halipo juu ya kikombe, wala halipo mahali pengine popote shuleni pale.

Sikulijali jambo hili mpaka mwaka juzi, dada alipotaka kujiunga na mafunzo ya ualimu wa michezo. Fomu ilidai uthibitisho kwamba mwombaji aliwahi kushiriki mashindano. Cheti alikuwa nacho zamani, lakini tulipohamia Busanza ilikuwa msimu wa mvua, na mfuko mmoja wa karatasi ulilowa nyuma ya gari hata wino ukatoka. Basi tukarudi shuleni. Karani alitupokea kwa wema, akatuvutia viti, akafungua madaftari mbele yetu. Matokeo ya mtihani wa taifa ya kila mwaka yalikuwepo, jina kwa jina. Malipo ya ada yalikuwepo. Hata idadi ya madawati yaliyotengenezwa upya ilikuwepo. Michezo haikuwa na daftari. Karani akasema labda wilayani. Wilayani wakasema labda shuleni.

Tulipotoka, dada alicheka kidogo, akasema, "Kumbe sikukimbia."

Kauli hiyo ndiyo iliyoniletea insha hii. Sisi wanafunzi wa historia tunafundishwa kuuliza chanzo cha habari kiko wapi, kimeandikwa na nani na kwa nini. Nikajiuliza: mwanariadha wa shule ndogo huingiaje katika historia? Ni miguu yake inayomwingiza, au ni mtu aliyekaa mezani na kalamu? Nimelitafutia jibu kwanza katika chuo kimoja kidogo cha Marekani na shule moja ya Kenya iliyokipelekea wakimbiaji, kisha nikarudi nyumbani, kwenye picha iliyopigwa Rwanda mwaka 1907.

Chuo ninachokisema ni Mount St. Mary's, katika mji mdogo wa Emmitsburg, jimbo la Maryland. Kilianzishwa mwaka 1808 na padri Mfaransa, John DuBois, aliyekuwa ameyakimbia mapinduzi ya kwao. Ni katika vile vyuo ambavyo Wamarekani wanavipenda sana na sisi huku hatuvijui vizuri: havina kitivo kikubwa cha udaktari wala uhandisi, wanafunzi wake ni wachache, na kila mmoja husoma falsafa, fasihi, historia, hisabati na sayansi kabla hajajikita katika fani moja. Chuo cha namna hiyo hakiwezi kushindana na vyuo vikuu kwa maabara. Hujitangaza kwa walimu wanaowajua wanafunzi kwa majina, na kwa michezo. Kila mwaka hufanya hafla, huwatuza wanamichezo waliofanya vyema uwanjani na wale waliochanganya michezo na alama nzuri darasani, kisha huchapisha majina yao. Anayesoma orodha hizo kwa mara ya kwanza hupigwa na usingizi: jina, mchezo, mwaka wa masomo, mji alikotoka, muda aliokimbia. Nami nilisinzia. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hicho kinachochosha ndicho dada yangu alikuwa akikitafuta.

Mchezo uliokipa chuo hiki sifa kwanza ni mpira wa kikapu. Kocha Jim Phelan, aliyejulikana kwa kuvaa tai ya kipepeo, aliifundisha timu tangu 1954 hadi 2003, misimu 49, akaondoka na ushindi wa michezo 830. Mwaka 1962 timu yake ilitwaa ubingwa wa Marekani katika ngazi ya vyuo vidogo. Tazama tarakimu hiyo, 830. Ili mtu aitaje leo bila kusitasita, ilibidi kwa karibu nusu karne awepo mtu wa kuandika matokeo kila usiku baada ya mechi, hata usiku ambao timu ilifungwa vibaya na kila mtu alitaka kwenda kulala.

Lakini jina lililokipeleka chuo hicho duniani halikutoka Maryland. Lilitoka Nandi, nchini Kenya. Tarehe 1 Oktoba 1988, katika fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Olimpiki ya Seoul, Peter Rono, mwanafunzi wa Mount St. Mary's, alikuwa na umri wa miaka 21 na siku 62. Wachache walimtazamia. Said Aouita wa Morocco alikuwa amejitoa, na Abdi Bile wa Somalia, bingwa wa dunia wa 1987, alikuwa majeruhi. Macho yakawageukia Waingereza, Steve Cram na Peter Elliott. Mbio zilianza kwa mwendo wa kuviziana. Rono akatoka mbele na duru nyingi bado zimebaki, jambo ambalo makocha wengi humkataza kijana, na hakuna aliyempita tena. Alimaliza kwa 3:35.96, Elliott akiwa wa pili kwa 3:36.15, na Jens-Peter Herold wa Ujerumani Mashariki wa tatu kwa 3:36.21. Hadi siku ile hakuwa amewahi kutokea bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwenye umri mdogo kuliko ule aliokuwa nao Rono.

Wa saba katika fainali hiyohiyo alikuwa Mkenya mwingine, Kipkoech Cheruiyot. Yeye na pacha wake, Charles, nao walipitia chuo hichohicho cha Emmitsburg. Kabla ya hapo wote watatu, Rono na mapacha, walikuwa wamesoma shule moja, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa.

Shule hiyo ni St. Patrick's, Iten, katika mwinuko wa takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1976 alifika hapo bruda kutoka Ireland, Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Hakuwa kocha. Alimkuta kijana wa Kiingereza, Peter Foster, ndugu yake mwanariadha Brendan Foster, akiwasimamia wakimbiaji wa shule. Foster alipoondoka, Bruda Colm akaachiwa kazi ambayo hakuisomea, na amesema mara nyingi kwamba wakimbiaji ndio waliomfundisha. Kutoka mikononi mwake na katika viwanja vya shule hiyo walitoka mapacha wa Cheruiyot, Rono, Matthew Birir aliyeshinda mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, na Wilson Kipketer aliyekuja kuikimbilia Denmark na mwaka 1997 akaiweka rekodi ya dunia ya mita 800 kuwa 1:41.11. Ibrahim Hussein naye alisoma hapo kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha New Mexico. Mwaka 1988 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya Boston, akimpita Mtanzania Juma Ikangaa kwa sekunde moja tu. Sekunde moja! Ikangaa akawa wa pili Boston mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata tena. Nani angekumbuka hilo leo kama waandaaji wangemwandika mshindi peke yake?

Waandishi wa michezo wanapokwenda Iten hupenda kueleza hewa nyepesi, ugali na barabara za udongo mwekundu. Mimi kilichonivutia ni miti. Wanafunzi wa zamani waliopata ushindi mkubwa wa kimataifa hupandiwa miti katika eneo la shule, na penye mti huwekwa kibao chenye jina. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayetumwa kuchota maji asubuhi anapita katikati ya majina hayo. Hahitaji kuambiwa kwamba inawezekana. Ni kumbukumbu ya gharama ndogo sana, ya mche na kipande cha ubao, na inashinda kabati letu la kioo kwa kitu kimoja: imeandikwa nani.

Hapa mwenzangu mmoja wa darasani, niliyempa rasimu ya kwanza ya insha hii, alinipinga. Alisema mshindi wa Olimpiki haihitaji shule kumwandika, dunia yote imemwandika. Ni kweli kwa Peter Rono. Lakini tumtazame Rono mwingine, Henry, pia wa Nandi, ambaye watu huwachanganya. Henry Rono alisoma Washington State, chuo kikuu na si chuo kidogo, na kati ya tarehe 8 Aprili na 27 Juni 1978, yaani siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Rekodi ya kwanza kati ya hizo aliiweka katika mashindano ya vyuo mjini Berkeley, California. Mtu huyu hakukimbia Olimpiki hata mara moja. Mwaka 1976 Kenya ilisusia Montreal kwa sababu ya uhusiano wa New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi, na mwaka 1980 ikasusia Moscow. Ukifungua orodha ya washindi wa Olimpiki kumtafuta Henry Rono, hayumo. Ukifungua madaftari ya mashindano ya vyuo vya Marekani, utamkuta bingwa wa mbio za nyika wa 1976, 1977 na 1979. Alifariki Februari 2024, na waliomwandikia tanzia walikuwa na tarakimu za kuandika kwa sababu kila alipokimbia, mtu fulani alikuwa amesimama na saa na karatasi.

Sitaki msomaji adhani navisifu vyuo vya Marekani kwa kila jambo. Havikuwachukua vijana wa Kenya kwa huruma. Viliwachukua kwa sababu mkimbiaji mmoja wa Nandi au Keiyo alileta alama ambazo wazawa kumi hawakuzileta, na tangu miaka ya 1970 palikuwa na manung'uniko Marekani kwamba wageni hao wanawazibia wenyeji nafasi. Wengine walipata shahada na kurudi na maisha mapya. Wengine walikimbizwa mbio nyingi mno kwa msimu mmoja, miguu ikachoka mapema. Peter Rono mwenyewe hakurudi tena kwenye Olimpiki baada ya Seoul. Orodha ya heshima ya chuo haielezi hayo. Inaeleza kilichokifaa chuo.

Na kuna walioachwa nje ya orodha tangu mwanzo. St. Patrick's ni shule ya wavulana. Miti ile, pamoja na uzuri wake, ni ya wavulana. Kenya ilipata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1968 huko Mexico, Naftali Temu aliposhinda mita 10,000. Mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali yoyote ya Olimpiki alikuwa Pauline Konga, fedha ya mita 5,000, mwaka 1996. Dhahabu ya kwanza ya mwanamke ililetwa na Pamela Jelimo katika mita 800, mwaka 2008. Miaka 40 kati ya dhahabu ya Temu na ya Jelimo haiwezi kuelezwa kwa miguu. Wasichana walikuwa wakikimbia muda wote huo, wakienda shule, wakienda mtoni, wakishinda mashindano ya tarafa. Nikifikiria ni vikombe vingapi vya wasichana vilivyosimama kwenye makabati bila jina katika miaka hiyo, narudi palepale nje ya ofisi ya mwalimu mkuu wangu.

Sasa turudi Rwanda, tena nyuma sana, mwaka uleule Richard Kandt alipouanzisha mji wa Kigali kama kituo cha Wajerumani. Mwaka huo, 1907, msafara wa kitaalamu wa Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulifika Nyanza, kwenye ikulu ya Mwami Yuhi V Musinga. Miongoni mwa yaliyoandaliwa kuwaonyesha wageni palikuwa na mchezo wa kuruka juu, gusimbuka urukiramende. Katika kitabu cha safari hiyo kilichochapishwa mwaka 1909 Wajerumani walieleza kwamba mruko bora ulifikia mita 2.50. Wakati huo rekodi iliyotambuliwa na wanariadha wa Magharibi ilikuwa ya Mmarekani Michael Sweeney, mita 1.97, ya mwaka 1895. Hata leo, zaidi ya karne moja baadaye, hakuna aliyeivuka mita 2.50 katika mashindano rasmi. Rekodi ya dunia ni mita 2.45, ya Javier Sotomayor wa Cuba, tangu 1993.

Picha moja ya siku ile imechapishwa mara nyingi. Mrukaji yuko hewani juu ya kamba, mguu umekunjwa, mwili umesimama wima. Chini yake wamesimama Wazungu wawili wenye kofia, mtawala mwenyewe na msaidizi wake, na mrukaji amepita juu ya vichwa vyao na nafasi imebaki.

Ningeweza, kama wafanyavyo wengi, kuishia kujivunia kwamba Mnyarwanda aliwashinda wote. Mwanahistoria hawezi kwenda haraka hivyo. Warukaji wa urukiramende walikanyaga kinundu kilichoinuka kidogo kabla ya kujirusha, kwa hiyo kipimo chao hakilingani na cha uwanja tambarare. Waliopima walikuwa wageni waliotaka kuwastaajabisha wasomaji wa kwao. Msomi Mwingereza John Bale aliandika kitabu kizima mwaka 2002 juu ya jinsi picha na taarifa hizo zilivyotumiwa, naye anaonyesha kwamba Wazungu hawakuwa wakimtazama mwanamichezo. Walikuwa wakitazama mwili. Katika msafara uleule alikuwepo mtaalamu wa kupima watu, Jan Czekanowski, na mruko ukawa ushahidi katika hadithi yao ya "mbio" za watu, kwamba Watutsi warefu walitoka mahali pengine na waliumbwa kutawala. Sisi tunaosoma Rwanda tunajua hadithi hiyo ilifikisha wapi nchi hii. Siwezi kuiandika sentensi hii kama mtalii.

Basi itazame picha tena. Jina la mtawala linajulikana. Jina la Mwami linajulikana. Urefu wa kamba umeandikwa hadi sentimita. Mrukaji hana jina. Alipimwa, akapigwa picha, akachapishwa Leipzig, akazungushwa duniani kwa miaka mia moja na zaidi, na hakuna aliyemwuliza, "Wewe ni nani, mwana wa nani?" Nilipoiona picha hiyo maktabani kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetoka wiki ileile kwenye kabati la kioo. Mwaka, umbali, kikombe. Kamba, sentimita, picha. Aliyeshinda ni nani, hakuna.

Urukiramende wenyewe ulififia. Shule za misheni na za serikali ya Wabelgiji zilileta mpira wa miguu na mazoezi ya viungo ya kupanga mistari, na zikaleta pia siku za zawadi, vyeti na vikombe. Tulirithi vikombe. Desturi ya kuandika majina haikuota mizizi kila mahali.

Si kwamba Rwanda haina wa kuandikwa. Mathias Ntawulikura alikwenda Olimpiki mara tano, tangu Seoul 1988, ileile ya Peter Rono, hadi Athens 2004. Katika fainali ya mita 10,000 ya Atlanta mwaka 1996, miaka miwili tu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, alimaliza wa nane katika mbio ambazo Haile Gebrselassie alishinda na Paul Tergat akawa wa pili. Wa nane duniani, akiwa amevaa rangi za nchi ambayo ilikuwa bado inatafuta maiti zake. Na Athens 2004, katika michezo ya Olimpiki ya walemavu, Jean de Dieu Nkundabera aliipa Rwanda medali yake ya kwanza, shaba ya mita 800. Niliwauliza wanafunzi kumi na wawili ninaosoma nao kama wanawafahamu. Mmoja alimjua Ntawulikura, kwa sababu baba yake ni mwalimu wa michezo. Wote kumi na wawili walinitajia wachezaji wa Arsenal bila kufikiri.

Baada ya kusoma haya yote nilirudi shuleni, safari hii peke yangu, kumtafuta mwalimu aliyekuwa akisimamia michezo mwaka 2014. Amestaafu. Nilielekezwa kwake, si mbali na kwetu, upande wa Kanombe ambako ndege zinashuka chini hata mazungumzo yanasimama. Nilimwamkia, nikamweleza mimi ni mdogo wake nani. Alinyamaza kidogo kisha akatabasamu.

"Yule aliyekimbia peku," alisema.

Sikulijua hilo. Dada hajawahi kunisimulia kwamba alikimbia peku. Mwalimu akasema viatu alivyoazimwa vilikuwa vikubwa, akavivua duru ya kwanza ilipoisha akavitupa pembeni ya uwanja, na yeye mwalimu ndiye aliyevirudisha kwa mwenyewe. Aliwataja pia wa pili na wa tatu, na shule zao. Nilimwuliza kwa nini hakuandika. Hakukasirika.

"Mwanangu, daftari lilikuwepo," alisema. "Nililinunua kwa hela yangu. Nilipostaafu nikamwachia aliyenifuata, naye akahamishwa. Daftari halina ofisi. Matokeo ya mtihani yana ofisi."

Sijasikia maelezo bora ya tatizo hili katika kitabu chochote nilichosoma kwa ajili ya insha hii. Emmitsburg kuna ofisi: mtu anayelipwa mshahara ili matokeo ya mbio za nyika za Jumamosi yaandikwe Jumamosi hiyohiyo. Iten hakukuwa na ofisi, lakini alikuwepo mtu mmoja aliyekaa. Bruda Colm alikuja kwa muda mfupi akakaa zaidi ya miaka 40, na kukaa huko kukawa daftari. Shule yetu haikuwa na ofisi, na walimu wake wa michezo huhamishwa.

Nimenunua daftari gumu, lile la kurasa 200 lenye jalada jeusi, na mwalimu mkuu wa sasa amekubali likae pamoja na madaftari ya mitihani. Nimeanza na mwaka 2014 kwa sababu ndio ninaoweza kuuthibitisha kwa watu wawili. Dada amekataa nimtaje katika insha hii. Anasema jina lake litangulie kukaa shuleni, ndipo liende kwa watu wa chuo kikuu.

Kuhusu muda hawakukubaliana. Dada anasema alikimbia dakika 5 na sekunde 2. Mwalimu, aliyekuwa ameshika saa yake ya mkononi, anasema dakika 5 na sekunde 6. Nilijaribu kuwapatanisha kwa simu, kila mmoja akashikilia lake, na dada akaongeza kwamba saa ile ya mwalimu ilikuwa ikichelewa hata darasani. Nimeandika muda zote mbili, na mbele ya kila moja jina la aliyeusema.